Chipukizi Wasiokuwa Wangu

Pale Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege wa Dubai, niliitwa profesa, na mpaka leo nikilikumbuka jina hilo masikio yananiwaka. Nilikuwa karani wa mizigo, kijana wa Kisauni mwenye mashati mawili ya kazi na mdomo mwepesi. Uprofesa wenyewe ulikuwa wa besiboli, mchezo ambao nilikuwa sijautazama hata siku moja tangu nizaliwe. Aliyestahili jina lile ni mtu mwingine, mwanamke ambaye sijaona akili kama yake mahali popote nilipofanya kazi, na ninaandika haya ili angalau mahali pamoja jambo lisemwe lilivyokuwa.

Mkubwa wetu wa ghala alikuwa Mmarekani. Sote tulimwita sir. Yeye na wenzake wa ofisi za jirani, Wamarekani kadhaa, Wajapani wawili, Mkorea mmoja na Wafilipino watatu, walikuwa na ligi yao ya fantasi yenye timu kumi na mbili. Anayeijua fantasi ya soka hahitaji maelezo marefu. Unachagua wachezaji wa kweli, wanakuwa timu yako kwenye kompyuta, na wanachokifanya huko uwanjani kinakuletea pointi wewe uliyekaa kwenye kiti unakunywa chai. Tofauti ya ligi ya sir ni kwamba mchezaji uliyemchagua ulibaki naye miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo utamu wote ulikuwa kwenye chipukizi, vijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa wanaocheza ligi za chini kule Amerika, kwenye vijimji ambavyo sir mwenyewe alikuwa hajavisikia. Ukimpata kijana mzuri kabla dunia haijamjua, umeula. Ukimpata goigoi, basi ni wako huyo, kaa naye.

Mwenye timu ya kumi na mbili alihamishiwa Singapuri, akaiacha timu yake yatima. Sir akaja dawatini kwangu, akaniambia, "Wewe unapenda mpira. Ichukue." Mpira niliokuwa naupenda mimi ni wa miguu, lakini kwa sir huitumii hapana yako kwenye jambo dogo, unaiweka akiba kwa jambo kubwa. Nikasema yes sir, nikapewa neno la siri la kuingilia, na mwaka ule wa kwanza nikateua vijana kwa kipimo cha urefu. Mrefu, chukua. Mrefu na jina linatamkika, chukua haraka. Tulimaliza wa mwisho, tena wa mwisho kwa mbali. Sir alikuwa akipita dawatini kwangu anauliza warefu wangu wanaendeleaje, na ghala zima linacheka.

Kilichoniokoa ni mashine ya kuchapa. Ofisi yetu ya juu ilikuwa na mashine moja, na kila mtu alichapa hapo, kwa hiyo karatasi za watu zilichanganyika kutwa. Siku moja nilichapa orodha yangu ya vijana wa ligi za chini, kurasa nne za majina na namba, nikazubaa kuifuata. Nilipokwenda sikuikuta. Baada ya nusu saa akaja mama wa nyaraka nayo mkononi.

Huyu mama alikuwa wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Deira, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai kabla ya yeye kuzaliwa. Nyumbani kwao Al Qusais hawakuzungumza ila Kiunguja, na hata kazini, akiwa na mimi, alikizungumza kwa raha zake. Kazi yake ilikuwa kulinganisha karatasi za mizigo: ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi na hati ya ndege. Zikipishana kwa katoni moja, mzigo hautoki forodhani. Aliweka rula chini ya mstari, akasoma, akaishusha rula, akasoma. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye kiti kile, na madereva waliokuwa wakimlaani kwa kuwachelewesha walikuwa hao hao wanaomletea halua sikukuu, kwa sababu gari lililopita mikononi mwake halikurudishwa njiani.

"Baba, mzigo huu wa nani?" aliniuliza.

"Mzigo upi, mama?"

"Huu. Namba zake hazikubaliani. Hapa chini wameandika jumla mia na nne, na mie nikijumlisha napata tisini na moja. Kumi na tatu zimekwenda wapi?"

Nikaitazama karatasi. Ilikuwa orodha yangu. Mama wa watu alikuwa ameiwekea rula yake, akajumlisha mipira yote iliyopigwa na vijana wa timu moja kule Amerika, akidhani ni katoni. Nilicheka mpaka nikashika dawati. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, akasema, "Kucheka utacheka, lakini kuna kitu hakimo humu." Nikarudi kwenye kompyuta kumwonyesha kwamba hakuna kitu, nikakuta kweli. Wakati wa kunakili nilikuwa nimeruka mstari mmoja. Kijana mzima alikuwa amebaki nje, na mipira yake kumi na tatu.

"Hebu nimwone huyo uliyemwacha," akasema. Nikamwonyesha. Akaniuliza safu ya kwanza maana yake nini, nikamwambia. Akauliza ya pili, nikababaisha. Ya tatu sikuijua kabisa. Akanitazama juu ya miwani. "Yaani weye unateua watu kwa vitu usivyovijua?"

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili aliporudi kazini alikuwa anazijua safu zote. Alikuwa amekaa na kompyuta ya binti yake siku mbili za mapumziko, akasoma kanuni za mchezo moja baada ya moja, zile za kweli, ndefu, ambazo nina hakika sir hajawahi kuzisoma. Kisha akaniambia yule kijana niliyemruka ndiye wa kuchukuliwa, na wale warefu wangu wote niwaache waende zao.

Nieleze namna alivyowachagua, kwa sababu sijachoka kuistaajabia. Katika besiboli mtu mmoja anarusha mpira na mwingine anasubiri na rungu. Ukirushiwa mpira mbaya, una haki ya kuuacha, na ukiiacha minne mibaya unapewa nafasi ya kusogea mbele bure. Ukizungusha rungu ukakosa mara tatu, umetoka. Sisi wengine wote tulitazama nani anapiga mbali. Yeye alitazama nani anaacha. "Kupiga mbali hata mwenda wazimu atapiga siku moja," alisema. "Lakini kijana wa miaka kumi na tisa, watu wanampigia kelele apige, na yeye auache mpira kwa kuwa si wake? Huyo ana kichwa." Halafu alitazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya jina. Kijana wa miaka kumi na minane anayecheza na wa ishirini na mbili, hata akiwa anafanya wastani, alimhesabu zaidi kuliko wa ishirini na mbili anayewachapa watoto. Na cha mwisho alichokipenda kuliko vyote, alimtafuta kijana aliyepandishwa daraja akaanguka. "Mwezi wa tano kapandishwa. Wa sita kaanguka vibaya. Wa saba kainuka kidogo, wa nane yuko sawa na wenziwe. Huyu kafundishika. Yule ambaye hajaanguka bado hatumjui."

Naeleza haya leo kama mtu anayeyajua. Wakati ule nilikuwa namwitikia tu "naam, mama" huku nikiwaza chakula cha mchana. Kila kipindi cha kuteua kilipokaribia, alinikalisha, akanieleza kijana mmoja mmoja na sababu zake, na mimi nikatoka na kitu kimoja tu, jina.

Siku moja nikamwonyesha mchezo wenyewe kwenye kompyuta, nikidhani nitamfurahisha. Alitazama dakika ishirini. Akauliza kwa nini wanasimama sana. Akauliza yule anatafuna nini. Akasema mchezo mrefu kama kesi ya shamba, akanirudishia kompyuta na kurudi kwenye namba zake. Hakutazama tena mpaka mwisho, na sikuona upungufu wowote uliotokana na hilo.

Mwaka wa pili tulimaliza wa sita. Mwaka wa tatu, wa tatu. Vijana wale aliowachagua walikuwa wakipanda madaraja kule Amerika mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, na sir akawa kila akifungua kompyuta asubuhi anakuta mmoja wa timu yangu kaitwa ligi kuu. Ndipo nikaitwa profesa. Nikaanza kualikwa kwenye meza ya wakubwa wakati wa chakula. Mjapani mmoja alikuja kutoka jengo la tatu kunipa mkono.

Sir alikuwa akiniuliza, "Umejuaje? Huyu hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote." Na mimi, mbele ya wote, nikiwa na sambusa mkononi, nilijibu, "Bahati tu, sir. Moyo ulimpenda." Walifurahi sana na jibu hilo. Liliwafanya waniogope kidogo. Nilikuwa najiambia kwamba mama mwenyewe hataki makuu, kwamba ni mtu wa staha zake, kwamba akitaka atasema. Huo ulikuwa uongo mtupu. Kila nilipotoka kwenye meza ile nilipita mbele ya dawati lake, na kila mara niliona haja ya kufunga kamba za viatu.

Halafu kukaja uteuzi wa Ramadhani. Katikati ya msimu palikuwa na siku ya kuteua chipukizi wapya, na mwaka ule iliangukia mwezi mtukufu, tena saa moja jioni, maana kule Amerika ndiyo kwanza ni asubuhi. Wenye timu walikaa kwenye chumba cha mkutano chenye ukuta wa kioo. Mama alibaki dawatini kwake nje, akinitumia majina kwa simu. Kila zamu ilikuwa na sekunde tisini. Ukichelewa, mashine inakuchagulia yenyewe jina la juu kwenye orodha yake.

Mizunguko miwili ilikwenda vizuri. Zamu yangu ya tatu ilipokaribia, adhana ikalia. Kampuni ilikuwa imeandaa futari ukumbini, tende, maziwa ya laban na sambusa, na mimi nilikuwa nimefunga siku ya joto la kuyeyusha lami. Nikajiambia kuna watu wawili mbele yangu, yaani dakika tatu, tende moja na maji. Lakini wale wawili walichagua papo hapo. Mama naye alikuwa ameshika tende, macho ameyafumba, anaomba dua yake. Niliporudi mdomo umejaa, nilikuta mashine imeshanichagulia.

Ilimchagua kijana ambaye mama alikuwa amempitishia kalamu mistari miwili. Mstari mmoja maana yake hapana. Miwili maana yake usinitajie tena. Alikuwa kijana wa kuzungushia rungu kila kitu kilichopita mbele yake, hata mpira unaokwenda chini ya miguu. "Huyu akipita inzi atampiga," mama alikuwa amesema. Tukasikitika, tukaswali, tukala, yakaisha.

Kumbe yule mpiga inzi alikuwa anatusubiri. Kule walikompeleka alipata mwalimu, au macho, au sijui nini, na mwaka uliofuata aliwachapa warushaji wa ligi za chini mpaka akaitwa ligi kuu kabla ya wote walioteuliwa siku ile. Sir alikuwa haamini. Alisema ni uteuzi bora kuliko wote tangu ligi yao ianze, na kwamba kumpata kijana yule mzunguko wa tatu ni uchawi. Sikumwambia habari za tende.

Wakati huo huo yule Mkorea alimaliza mkataba, akarudi kwao. Timu yake ikabaki bila mwenyewe. Ilikuwa timu mbovu, imechoka, wazee watupu. Siku hiyo hiyo mama alinijia, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana rula wala karatasi mkononi.

"Baba, kile kiti. Niulizie."

"Kiti cha Mkorea? Mama, timu ile imeoza."

"Naijua, nimeitazama. Naitaka hivyo hivyo."

"Si umuulize sir mwenyewe? Atafurahi."

"Ataniuliza mie najua nini. Weye ndiye anayekusikiliza." Akakitazama chumba cha kioo. "Nimechoka kuchagua kwa mlango wa nyuma. Nataka nikipatia, nimepatia mie. Na nikikosea, nimekosea mie."

Nikamwambia inshallah. Na nilipomwambia inshallah ile nilijua mwenyewe ni ya aina gani.

Maana hesabu yangu ilikuwa fupi. Akipata kiti chake, mimi nabaki bila macho, narudi kwenye warefu wangu. Na ili akipate, lazima sir ajue anajua nini, na sir akijua hilo, profesa amekwisha. Kwa wiki tatu nikampiga chenga mama wa watu. Sir ana wageni. Sir kaenda Bahrain. Sir leo kaamka vibaya. Hakuniuliza mara mbili kwa siku moja, hakununa, na kila asubuhi alinisalimia kama kawaida, mpaka nikatamani anitukane.

Siku ya kuamua kiti ilikuwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Tukaingia chumba kile cha kioo. Sir akasema amemfikiria rafiki yake mmoja anayekaa Silicon Oasis, aliyeujua mchezo tangu utotoni, mtu mzuri. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nikatazama nje. Mama alikuwa dawatini kwake, rula iko juu ya karatasi, na rula ile haikushuka mstari hata mmoja. Mwanamke ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akikwama alikuwa amekwama kwenye mstari mmoja, akisubiri mdomo wangu.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka kiti changu kiligonga kioo nyuma yangu.

"Sir, kiti apewe mama wa nyaraka," nikasema. "Mimi sijui besiboli. Sijawahi kuijua. Yeye ndiye anayechagua."

Wakacheka, wakidhani ni mizaha yangu. Na hapo, badala ya kuacha ukweli usimame wenyewe, nikaona nimpambe. Sisi watu wa Mombasa tukitoa zawadi lazima tuifunge karatasi inayong'aa. Nikasema, "Hata yule kijana wa Ramadhani, sir. Yule bora kuliko wote. Ni yeye huyo mama aliyemwona."

Sir akainuka, akafungua mlango, akamwita aingie. Mama akaingia, akajifunga vizuri mtandio, akasimama karibu na mlango. Sir akamwambia kwa heshima kabisa, "Madam, huyu anasema wewe ndiye uliyemchagua yule kijana. Ni kweli?"

Nikamkazia macho. Ilikuwa sekunde moja tu ya kusema ndiyo.

"Hapana, sir," akasema. "Yule si wangu. Yule mie nilimkata, tena mistari miwili. Nilikosea. Mashine ndiyo iliyomchukua, siye tulikuwa tunafuturu."

Kicheko kilichopasuka pale nadhani kilisikika mpaka kwenye njia za ndege. Mfilipino mmoja alijifuta machozi. Mimi nilitamani zulia linimeze. Yeye alisubiri wamalize, kama alivyonisubiri mimi siku ya mashine ya kuchapa, na walipotulia akasema, "Wangu ni saba. Nikutajie?"

Akawataja. Hakuwa na karatasi. Alimtaja kijana, umri aliokuwa nao siku aliyomchagua, ligi aliyokuwamo, wenzake walikuwa na umri gani, mipira aliyoiacha mwezi baada ya mwezi, lini alipandishwa, lini alianguka, aliinuka kwa kasi gani. Kiingereza chake kilikuwa kile kile cha forodhani, kifupi, hakina mapambo. Alipofika kwa wa nne, sir alikuwa amefungua kompyuta, anafuata namba kwa kidole. Alipofika kwa wa sita, sir aliacha kufuata. Kisha akaeleza kwa nini alimkata yule wa Ramadhani, na akasema hasa ni wapi alipokosea: alimhukumu kwa miezi miwili ya kwanza, na ile haikuwa miezi ya kutosha kumjua mtu. "Sitafanya tena," akasema, kama anayemwahidi mtu aliyemo chumbani.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mjapani yule aliyenipa mkono mimi alisimama, akamwinamia. Nimeona watu wakipewa vyeti, nimeona wakubwa wakipigiwa makofi kwenye mahoteli, na sijaona heshima iliyonitoa machozi kama ile. Sir akasema, "Khalas, yamekwisha. Kiti ni chako, madam." Rafiki yake wa Silicon Oasis hakutajwa tena.

Jioni ile tulitoka pamoja mpaka stesheni ya metro, kama siku nyingi, kwa kuwa wote tulikuwa tunapanda mstari wa kijani. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Nilimwomba radhi kwa miaka mitatu. Nikamwambia nilikula sifa zake, nikaketi kwenye meza isiyokuwa yangu, na leo nikataka kumpa hata isiyokuwa yake. Nilikuwa nalia kidogo, na sikujali waliokuwa wanapita.

"Sifa nilikusamehe kitambo," akasema. "Sifa unakula, zinakwisha. Si hizo zilizoniuma."

"Nini basi, mama?"

"Sir akikuuliza umejuaje, ulikuwa unamwambia bahati." Akasimama, akaniangalia. "Mie sikulala vizuri kwa ajili ya vijana wale. Kila mmoja nilikupa sababu zake. Nikikaa pale dawatini nakusikia, nikingoja siku moja tu useme hata sababu moja, hata uziite zako, nisingejali. Ukasema bahati. Yaani kazi yangu yote ukaiita kitu kilichookotwa."

Treni ikaonekana mbali.

"Haya, niambie sasa," akasema. "Wale saba. Chagua mmoja, yeyote unayemtaka, uniambie nilimchukua kwa sababu gani."

Nikafungua mdomo. Majina yote saba nilikuwa nayo. Nikalichukua la kwanza, nikalitazama kichwani huku na huku, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nikalichukua la pili. Muda wote ule yeye alisubiri, hakunisaidia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na naapa alikuwa anataka nipate.

Treni ikasimama, milango ikafunguka.

"Basi, baba," akasema taratibu. "Mwaka huu utachagua mwenyewe." Akaingia kwenye behewa la wanawake, na mimi nikabaki pale kwenye jukwaa nikijaribu la tatu.